Je, Wajua? Maradhi ya Jeep Kuukuu

Je, wajua kwamba Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kuuzwa mwaka 1984, na mpaka leo bado zinaundwa? Bukavu zimejaa. Watu huziita jeep tu, ingawa Jeep ni chapa nyingine kabisa.

Je, wajua kwamba injini maarufu ya Land Cruiser hizi, 1HZ, dizeli ya silinda 6 na lita 4.2, haina kompyuta wala tabo? Fundi anayekuja na mashine ya kusoma hitilafu amebeba mzigo wa bure.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki? Kwenye pampu ya dizeli kuna vali ndogo ya umeme. Mwambie mwenzako afungue swichi bila kupiga stata, wewe inama, tega sikio pale kwenye pampu. Ukisikia "tak!", umeme umefika. Pakiwa kimya, fuata fyuzi na waya wake. Wako wanaokimbilia kufungua noseli kwanza. Hao ndio wanaotumaliza.

Je, wajua kwamba dizeli ya bidoni kutoka kwa kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, inaweza kuwa na maji? Legeza kizibo cha chini ya filta, kinga kwa glasi, subiri. Maji yatatuama chini, dizeli itaelea. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Kesho asubuhi ukiikuta laini, kuna mpira unaovuta hewa.

Je, wajua kwamba kwa kuwa Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi? Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke mapema. Jeep inayotokota kwenye kona za Ngomo, ikipanda kutoka Kamanyola, ibadilishie mfuniko kabla hujauziwa gasketi ya silinda hedi.

Urefu huohuo hupunguza nguvu za injini isiyo na tabo kwa asilimia 15 hivi. Moshi mweusi kidogo mlimani usikutie hofu. Ukizidi, kagua filta ya hewa. Wakati wa kiangazi vumbi letu halina huruma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka? Si uchawi. Ni masi mbovu: umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukapitia kwenye taa ya jirani. Stata ikigugumia ilhali betri ni nzima, unganisha waya mmoja mnene kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye chuma cha injini, upige tena. Ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa ni waya wa masi, na stata yako haina kosa.

Betri iliyojaa husoma volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikinguruma, tarajia 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12, alterneta haichaji, au mkanda umelegea.

Na kabla ya kukubali kwamba difu ya mbele imekufa, shuka matopeni utazame vitasa vya magurudumu ya mbele. Vikiwa kwenye FREE, hata ukivuta gia ya 4x4 mpaka jioni, tairi za mbele hazivuti kitu.