Gari la Mchezo, Gari la Abiria

Mbarara imezoea mbio za magari, na vijana wa Nakivale wanaojifunza kukata kona katika viwanja vya vumbi hatuna ugomvi nao, maadamu uwanja umefungwa na kibali kipo. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba gari lililochezewa Jumapili ndilo hubeba abiria kwenda Mbarara Jumatatu.

Anayenunua tairi iliyokwisha kutumika asiridhike na unene wa kashata. Ubavuni, mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT, zimo tarakimu nne: 2317 ni juma la 23 la mwaka 2017. Mpira uliozeeka hukakamaa na huweza kupasuka ghafla, hata kashata zikiwa zingali nzuri.

Rimu pana hupendeza macho, basi. Tairi ikikwaruza bodi usukani unapokatwa hadi mwisho, rimu hiyo si ya gari hilo. Wapo pia wakatao springi ili gari liiname. Uwanjani huenda likatulia konani. Katika barabara ya changarawe, likiwa limejaa watu, litagonga chini, na dereva atakosa usukani pale anapouhitaji. Tunashauri fedha hiyo iende kwenye shokapu. Kandamiza pembe ya gari kwa mikono, kisha uiachie: ikiendelea kurukaruka, shokapu imekufa.

Aliyepunguza upepo kwa ajili ya mchezo aujaze tena kabla ya kutoka uwanjani, kwa kipimo kilichobandikwa penye mlango wa dereva.