Moyo Uliochoka: Namna ya Kuishi Nao Nyumbani

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona katika familia zetu bila kuujua kwa jina. Baba au mama anaanza kuhema kwa kazi ndogo tu. Usiku hawezi kulala chali. Anaomba mto wa pili, halafu wa tatu, na mwisho anapitisha usiku amekaa kitini. Miguu inavimba, na ukibonyeza muundi kwa kidole shimo linabaki. Jirani mmoja anasema ni pumu, mwingine anasema ni figo, na wa tatu ananong'ona kwamba amelogwa. Hospitalini familia inaambiwa: moyo umeshindwa kazi.

Maneno hayo yanatisha. Wengi wanadhani maana yake ni kwamba moyo umesimama au uko karibu kusimama. Sivyo. Maana yake ni kwamba moyo umechoka, na hausukumi damu kwa nguvu inayotosha. Damu inarudi nyuma kama foleni kisimani. Maji yanatoka katika mishipa na kujaa kwenye mapafu, miguu na tumbo. Ndiyo sababu mgonjwa anahema na kuvimba.

Unatoka wapi?

Kwetu Afrika chanzo kikubwa ni shinikizo la damu ambalo halikutibiwa kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa katika nchi 9 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii walikuwa na umri wa wastani wa miaka 52, yaani watu ambao bado wanalima, wanafanya biashara na kusomesha watoto. Wengine milango ya moyo wao iliharibika tangu utotoni, kwa homa ya baridi yabisi inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Akina mama wengine wanaupata mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Mama wa namna hiyo na mumewe wazungumze na daktari kabla ya kufikiria mimba nyingine, kwa sababu moyo unaweza kuchoka tena, na baadhi ya dawa za moyo zinamdhuru mtoto tumboni.

"Mimi nimepona"

Tuseme baba mmoja amelazwa wiki mbili. Maji yametoka, miguu imekauka, amerudi nyumbani anatembea mwenyewe. Mwezi wa kwanza anameza vidonge vyote. Mwezi wa pili anamwambia mkewe: "Mama watoto, mimi nimepona. Kwa nini tumalize fedha ya ada kwa kununua vidonge?" Anaviacha. Wiki chache baadaye anarudishwa hospitali kwenye machela, na safari hii moyo wake ni dhaifu kuliko mwanzo.

Baba huyo hakuwa mjinga. Alifikiri kama tunavyofikiri sote juu ya malaria: unameza dawa, unapona, unaacha. Lakini moyo uliochoka haufuati desturi hiyo. Nafuu anayoisikia mgonjwa ndiyo kazi ya vidonge. Akiviacha, nafuu nayo inaondoka.

Kuna vidonge vya kutoa maji, kama furosemidi. Kazi yake inaonekana mara moja, kwa kwenda haja ndogo mara nyingi. Vingine, kama enalaprili, bisoprololi na spironolaktoni, kazi yake haionekani kwa macho. Vinaupunguzia moyo mzigo polepole, kwa miezi, na kumwongezea mgonjwa maisha. Mgonjwa asichague kile anachokiona kinafanya kazi na kuviacha vingine.

Kama kidonge kinaleta kikohozi kikavu au kizunguzungu, mwambieni daktari akibadilishe, msikiache wenyewe. Midomo au uso ukivimba ghafula, nendeni hospitali saa ileile. Kama tatizo ni fedha, semeni bila aibu. Daktari akijua, mara nyingi anaweza kuandika dawa ya bei nafuu zaidi. Asipojua, atadhani dawa imeshindwa, kumbe mgonjwa anameza siku moja na kuruka siku mbili.

Wapo pia wanaoacha kidonge cha maji siku ya safari au Dominika kwa kuogopa kutafuta choo. Kidonge hicho kwa kawaida kinamezwa asubuhi, kisimnyime mtu usingizi. Siku ya safari, mwulizeni daktari kama chaweza kumezwa baada ya kufika. Kuchelewesha kwa saa chache ni afadhali kuliko kuacha kabisa.

Mizani ya kila asubuhi

Maji hurudi kimya kimya kabla mtu hajaanza kuhema. Anayeyaona mapema ni mizani. Mgonjwa ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na aandike uzito katika daftari. Mtoto anayesoma shule anaweza kupewa kazi hiyo ya kuandika. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, hayo siyo mafuta, ni maji. Nendeni kituo cha afya siku hiyo, msingoje miguu ijae.

Familia isiyo na mizani itumie alama nyingine: kandambili zinabana, mkanda umesogea tundu moja, shimo kwenye muundi limerudi, mito imeongezeka. Jumuiya nayo yaweza kuchanga ikanunua mizani moja kwa ajili ya wagonjwa wake.

Chungu cha jikoni

Chumvi hushika maji mwilini. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo tunahesabu chumvi yote, pamoja na ile isiyoonekana: ya samaki wa chumvi, ya mkate, ya vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi. Magadi yanayotiwa katika maharage au makande nayo yana madini yaleyale ya sodiamu yanayoshika maji. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva bila magadi. Badala ya chumvi tumieni ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na bizari. Kwa wiki mbili tatu chakula kitaonekana hakina ladha, kisha ulimi utazoea. Ni vema nyumba nzima ipunguze, maana shinikizo la damu nalo linapenda chumvi.

Juu ya maji ya kunywa, mwulizeni daktari, kwani wengine huwekewa kipimo na wengine hapana. Mkiwekewa, uji, chai na soda vyote vihesabiwe. Mgonjwa akiharisha au kutapika, apelekwe kituo cha afya upesi, kwa sababu vidonge vya maji vinaweza kumkausha kupita kiasi.

Pombe na tumbaku ziachwe. Tahadhari pia na dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni: zinashika maji na kuumiza figo. Mgongo ukiuma, mwambieni muuza dawa kwamba mna ugonjwa wa moyo.

Kazi na pumziko

Mgonjwa aliyepata nafuu asifungiwe kitandani. Atembee kidogo kila siku kwenye tambarare, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Asibebe magunia wala ndoo kubwa. Juu ya tendo la ndoa wengi huona haya kuuliza. Kama mtu anapanda ngazi bila kuhema, kwa kawaida hakuna hatari, lakini amwulize daktari.

Msingoje

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku, akihema akiwa amekaa, akikohoa mapovu ya rangi ya waridi, akizimia, au akishikwa na maumivu makali ya kifua.

Ndugu wasomaji, baba yule wa mfano wetu alihitaji mtu mmoja nyumbani wa kumwambia, "Baba, nafuu hii ni ya vidonge, tuendelee." Daktari humwona mgonjwa labda mara moja kwa mwezi. Siku zile nyingine zote, ninyi mnaokaa naye ndio walinzi wake.