Biyari: mtu mfupi anayeanza kucheza achague fimbo ya urefu gani?

Katika miji na vijiji vingi vya mashariki mwa Kongo, meza ya biyari iko mbele ya butiki, chini ya hema ao ndani ya baa. Karibu nayo kunakuwa fimbo mbili ao tatu, mara nyingi zote za urefu mmoja. Mrefu anazitumia, mfupi naye anazitumia. Kijana wa miaka 12 ao msichana mfupi akikosa mpira mara tano, wanaotazama wanamwambia: «We uko mufupi, huu muchezo hauko wako.» Wengi wanaachia hapo. Lakini mara nyingi shida haitoki kwa kimo chake. Inatoka kwa namna anashika fimbo, na wakati mwingine kwa fimbo yenyewe.

Urefu unaojulikana

Fimbo ya kawaida ya biyari iko na santimeta 145 mpaka 147. Urefu huo unafaa watu wazima wengi, hata wale wasio warefu sana. Kuna pia fimbo fupi zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto na watu wafupi: za santimeta 132 na za santimeta 122. Zingine zinafika santimeta 91 tu. Hizo ni za kupigia pale ambapo ukuta uko karibu na meza.

Je, kucheza na fimbo fupi ni kudanganya? Hapana. Sheria za mchezo huu duniani zinaomba fimbo isipungue santimeta 101 na kidogo. Mwisho wa urefu haukuwekwa. Kwa hiyo fimbo ya 132 ao ya 122 inakubaliwa hata kwenye mashindano.

Kipimo kinafanyika kwenye meza

Watu wengine wanasimamisha fimbo chini na kutazama inafika wapi mwilini. Ikipita macho, wanasema ni ndefu. Hiyo inasaidia kidogo, lakini haitoshi, kwani watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono isiyo sawa. Kipimo cha kweli ni hiki:

1. Weka mpira mweupe kwenye meza, inama kama vile unataka kupiga.

2. Laza mkono wa mbele kwenye meza, kama santimeta 20 mpaka 25 nyuma ya mpira. Anayeanza anaweza kuusogeza karibu zaidi, hata santimeta 15.

3. Sogeza ncha ya fimbo mpaka ikaribie kugusa mpira.

4. Mwambie rafiki atazame mkono wako wa nyuma. Kuanzia kiwiko mpaka kiganja, mkono unapaswa kuning'inia wima, kama kamba iliyofungwa jiwe.

5. Pima kipande cha fimbo kinachobakia nyuma ya kiganja.

Kikibaki kama santimeta 10 ao 15, fimbo inakufaa vizuri. Kikibaki 25 ao zaidi, fimbo ni ndefu kwako, lakini haimaanishi kwamba huwezi kuitumia.

Dawa ya kwanza haina bei

Kosa la watu wafupi wengi ni kushika fimbo kule mwisho kabisa, kwa sababu wanaona warefu wanafanya vile. Hapo mkono wa nyuma unanyooka, kiwiko hakifanyi kazi yake, na fimbo inakwenda pembeni. Mpira unakosa shimo na mtu anafikiri hana kipaji.

Dawa ni kusogeza mkono mbele mpaka uning'inie wima. Funga kipande kidogo cha skochi mahali hapo ili mkono uzoee. Watu wafupi wengi wanacheza hivyo na fimbo ya kawaida bila shida.

Iko mpaka mmoja tu. Laza fimbo juu ya kidole kimoja, tafuta mahali inasimama bila kuanguka mbele wala nyuma. Huo ndio mzani wake, na mara nyingi uko kama santimeta 45 mpaka 50 kutoka mwisho wa nyuma. Kama ili mkono ukae wima unalazimika kushika karibu kabisa na mzani, ncha inakuwa nyepesi na inapanda juu. Hapo njo unahitaji fimbo fupi.

Usikimbilie msumeno

Wengine wanafikiria kumpa seremala fimbo ya kawaida aikate. Ukikata nyuma, unaondoa sehemu iliyo na uzito, na fimbo inaanza kuegemea mbele. Ukikata mbele, ncha inakuwa nene, na ngozi ndogo inayogusa mpira haienei tena. Kabla ya kuharibu fimbo nzima, hasa ile ya watu wote, afadhali kutumia skochi.

Fupi sana nayo ni shida

Mtu mfupi iko tayari na mikono mifupi. Akichukua fimbo fupi kupita kiasi, mipira iliyo katikati ya meza inamkimbia. Kwenye mashindano, mguu mmoja lazima uguse chini, kwa hiyo kupanda juu ya meza si jibu. Kwa mipira ya mbali, ajifunze kutumia ile fimbo ya kuegemeza yenye kichwa chenye mikato.

Kwa ufupi: mtu mzima mfupi aanze na fimbo ya kawaida na asogeze mkono. Ikimshinda, atafute ya 132. Kijana anayekua anafaa pia na ya 132. Mtoto mdogo, ya 122. Tena, urefu si uzito: fimbo nyingi ziko kati ya gramu 510 na 595, na ya katikati inafaa anayeanza.

Mwenye kununua asitoe franka zake kabla ya kubiringisha fimbo juu ya meza. Ikirukaruka, imepinda. Fimbo iliyopinda haimfai mtu yeyote, awe mrefu ao mfupi.