Kabla ya Kufunga Rimoti na Sentro Loki katika Gari la Zamani

Magari mengi yanayotumiwa na wananchi wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na Mkwajuni yaliundwa Japani miaka ishirini au zaidi iliyopita. Injini zake bado zina nguvu, lakini katika baadhi yake milango hufungwa kwa ufunguo mmoja mmoja na vioo huzungushwa kwa mkono. Si ajabu, basi, kwamba mwenye gari la namna hiyo hutamani rimoti ya milango, vioo vya umeme au king'ora. Matamanio hayo ni halali, na kazi yenyewe inawezekana. Hata hivyo, hasara ya kazi mbovu haiishii kwenye fedha: gari laweza kuibwa, kuungua au kuzimika mteremkoni likiwa na abiria. Katika makala haya tunaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kulipa.

Mfumo unavyofanya kazi

Seti ya kawaida ya sentro loki huwa na kisanduku cha kuongozea, rimoti na mota ndogo nne. Kila mota hufungwa ndani ya mlango, nayo husukuma au kuvuta fimbo ya kitasa. Mota ya mlango wa dereva kwa kawaida huwa na nyaya tano, kwa sababu hukiarifu kisanduku kwamba mlango umefungwa au umefunguliwa. Nyingine huwa na nyaya mbili tu. Ndiyo maana dereva akifunga mlango wake kwa ufunguo, milango mingine hufuata.

Tundu la ufunguo lisiondolewe wala kuzibwa kwa kuwa rimoti imefungwa. Betri ya gari ikiisha nguvu, ufunguo wa kawaida ndio utakaokuingiza garini.

Volti 12 au 24?

Tunduma ni mji wa malori, na maduka yake ya vipuri huhudumia malori na magari madogo kwa pamoja. Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24, magari madogo volti 12. Kifaa cha volti 12 kikiunganishwa na umeme wa volti 24 huungua, na chaweza kuunguza nyaya zilizo karibu. Soma maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi pekee.

Rimoti zote si sawa

Zipo rimoti zinazotuma namba ileile kila zinapobonyezwa, na zipo zinazobadilisha namba kila mara. Namba isiyobadilika yaweza kunaswa na mwizi mwenye kifaa cha kupokea mawimbi, kisha akairudia ukiwa umeondoka. Kwa mtu anayeliegesha gari sokoni, kituo cha mabasi au karibu na mpaka, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Mwulize muuzaji ni aina gani anayokuuzia, na jibu lake liandikwe kwenye risiti.

Betri na mzigo wake

Kisanduku cha rimoti hakilali: husubiri mawimbi usiku na mchana, nacho hula umeme. Tuchukue mfano wa betri yenye uwezo wa ampea-saa 45. Mzigo wa ampea 0.02 utaimaliza kwa zaidi ya siku 90. Mzigo wa ampea 0.2, unaotokana na kifaa duni au uungaji mbovu, utaimaliza kwa takriban siku 9, na gari litashindwa kuwaka kabla ya hapo. Mtake fundi apime kwa mita umeme unaoliwa gari likiwa limezimwa, kabla na baada ya kazi. Kipimo hicho huchukua dakika chache, nacho huondoa ubishi wa baadaye.

Vioo vya umeme hula umeme mwingi zaidi kuliko mota za vitasa. Vinahitaji waya mnene na fyuzi yake, iliyowekwa karibu na betri. Fundi anayevibandika kwenye waya mwembamba wa redio anatengeneza chanzo cha moto. Vilevile, nyaya za mifuko ya hewa, ambazo mara nyingi huwa na rangi ya njano, zisiguswe kabisa.

Kifaa cha kuzima injini

Baadhi ya ving'ora huja na rilei ya kuzima injini ili mwizi asifike mbali. Hapa tunaomba umakini wa pekee. Rilei ikiunganishwa kwenye waya wa moto wa injini, kisha ikalegea, injini itazimika gari likiwa katika mwendo. Injini ikizimika, usukani wenye msaada huwa mzito, na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Dereva anayeshuka mlima Senjele wilayani Mbozi hana nafasi ya kukabiliana na hali hiyo. Iliyo salama zaidi ni rilei inayokata stata: huzuia gari kuwashwa, lakini haiwezi kulizima likiwa barabarani.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Kutoka Tunduma hadi Nakonde ni hatua chache, na bei ya upande wa pili yaweza kuvutia. Kumbuka mambo mawili. Kwanza, bidhaa inayoingizwa nchini inapaswa kupitishwa forodhani. Pili, muuzaji aliye Zambia yumo chini ya sheria za Zambia. Kifaa kikiharibika, kumdai ukiwa Tanzania ni kazi ngumu. Nafuu ya bei ipimwe pamoja na hatari hiyo.

Kabla ya kulipa

1. Mweleze muuzaji aina ya gari, mwaka wake na kazi unayokusudia. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyeeleza haja yake na kuutegemea ujuzi wa muuzaji ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa haja hiyo.

2. Kubaliana kwa maandishi bei ya kifaa, bei ya ufundi na muda wa dhamana.

3. Dai risiti ya EFD. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha kwamba ulinunua.

4. Jaribu kila mlango, kila kioo na kila rimoti mbele ya fundi. Omba mchoro wa nyaya na uutunze.

5. Kama gari lina bima kubwa, iarifu kampuni ya bima kwa maandishi kuhusu mabadiliko uliyofanya. Kunyamaza kwaweza kuleta mgogoro siku ya kudai fidia.

Mambo yakienda kombo

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kifaa, na umwandikie kasoro yenyewe. Usimruhusu fundi mwingine kukifungua kifaa kabla muuzaji hajakiona, kwani utampa sababu ya kukataa dhamana. Asipokusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tume hiyo hupokea pia taarifa za bidhaa bandia. Masuala ya ubora na usalama wa bidhaa huwasilishwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Gari la zamani laweza kupata starehe ya gari jipya, mradi mwenye gari aulize maswali kabla ya fundi kuufungua mlango wa kwanza.