Rekodi za Joto na Baridi Juu ya Mombasa

Mji wa Kale, Machi ndio kilele cha joto. Kaskazi imechoka, kusi haijaingia. Zebaki hupanda hadi 32 au 33 na watu huhamia barazani kutafuta upepo. Juu ya mapaa hayo kuna joto na baridi kubwa zaidi, na baadhi ya mitambo ya kuvipima ilirushwa kutoka pwani hii hii.

Baridi iliyo karibu zaidi
Kilomita 17 hivi juu ya Ngome ya Yesu, kwenye ukomo wa tabaka la mawingu na mvua, baridi hufika nyuzi 80 chini ya sifuri. Hewa moto ya ikweta hupanda mbali, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa.

Baridi kali kuliko zote
Iko kilomita 85 na zaidi juu ya ncha za dunia, tena wakati wa kiangazi cha huko: chini ya nyuzi 130 chini ya sifuri.

Joto kali kuliko yote
Kuanzia kilomita 200 kwenda juu, jua likichachamaa, joto hupita nyuzi 1,000. Lakini chembe za hewa ni chache mno. Ni kama cheche za mkaa: kila moja ni moto, ila hazichemshi sufuria. Kipimajoto cha kawaida hakifai huko. Setilaiti hupima mwendo wa chembe zenyewe.

Setilaiti ya kwanza kutoka baharini
San Marco 2 ya Waitaliano iliruka 26 Aprili 1967 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilomita 140 hivi kutoka Mombasa. Ilikuwa na mizani ya Profesa Luigi Broglio: gamba jepesi nje, kiini kizito ndani. Hewa iliposukuma gamba, msogeo wake ulionyesha msongamano wa hewa, nao huongezeka kule juu kila joto linapoivimbisha hewa na kuipandisha.

Ya kwanza ya Ngomeni kutumwa kupima joto
San Marco 3, 24 Aprili 1971, ilipewa kazi tatu juu ya ikweta: msongamano wa hewa, mchanganyiko wake na joto lake.

Yenye jina kubwa zaidi
Uhuru, iliyorushwa hapo 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Hiyo haikupima joto, bali ilisaka nyota zitoazo eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Ya mwisho
San Marco 5, setilaiti ya tisa ya jukwaa hilo, iliondoka 25 Machi 1988 na chombo cha kupima upepo na joto kwa pamoja. Desemba ya mwaka huo iliteketea angani.

Iliyodumu kupita makadirio
TIMED ya Marekani ilirushwa Desemba 2001 kwa kazi ya miaka miwili, ikapitisha ishirini. Chombo chake cha SABER husoma joto la kilomita 20 hadi 120 kwa mwanga usioonekana utolewao na kabonidioksidi. Gesi hiyo huku chini huzuia joto lisitoke. Kule juu, hewa ikiwa nyembamba, hulitupa angani. Kwa hiyo inapozidi, sisi tunaungua na tabaka la juu linapoa.