JENERETA IKAE NJE, MOSHI WAKE UENDE MBALI

Jenereta ndogo za petroli zimekuwa nyingi vijijini. Umeme ukikatika, mwenye duka anawasha yake ili friji lisizime. Kwenye arusi inapiga muziki mpaka alfajiri. Jambo hilo ni jema. Lakini usiku watu wanaogopa wezi. Basi jenereta inaingizwa ndani, mlango unafungwa kwa komeo, na mlinzi analala hapo hapo. Asubuhi watu wanagonga mlango, haufunguliwi.

Kinachoua ni nini? Petroli ikiungua hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. Kazi moja ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Sumu hii hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inakalia nafasi ya oksijeni, wala haitoki upesi. Mtu anavuta pumzi vizuri kabisa, kumbe mwili wake unakosa hewa.

"Ah, mbona dirisha liko wazi?" Ndivyo wengi wanavyosema. Dirisha halitoshi. Hata feni haitoshi. Jenereta moja ndogo inaweza kutoa sumu hii nyingi kama magari mamia yanayonguruma pamoja. Sasa dirisha moja litapitisha kiasi gani?

Wataalamu wa afya wa Marekani hushauri jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Ni kama hatua 8 za mtu mzima. Mdomo wa bomba la moshi uelekee mahali pasipo na nyumba. Nyumba ya jirani pia ni nyumba! Baraza si nje. Ukiogopa mvua, jenga kibanda cha bati kisicho na kuta. Ukiogopa wezi, funga jenereta kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo. Waya ndio uingie ndani, si mashine.

Wengine husema, "Mimi nitaunga bomba, nilipitishe ukutani." Huko Marekani kuna magari makubwa yaliyo kama nyumba, yenye vitanda na jiko, na mengine yana jenereta. Baadhi ya wenyewe huunga bomba la kupandisha moshi mpaka juu ya paa, maana moshi wa chini huingia madirishani. Lakini bomba hilo halitoshi peke yake. Ndani ya gari huhitajika pia chombo kinachopiga kelele sumu ikiingia. Kwa nini? Mashine hutetemeka, viungo vya bomba hulegea, na sumu inayovuja haionekani. Kwa hiyo jenereta ya petroli isikae chumbani, hata ikiwa na bomba.

Mashine ya kusaga yenye injini ya dizeli ni habari nyingine, kwa kuwa imefungwa kwenye saruji. Hiyo iwe na banda lake, ambalo halalali mtu. Bomba liwe la chuma, si plastiki. Litoke nje na lipande kupita paa. Lisiguse mbao wala makuti, kwani hupata moto sana. Ukiona masizi meusi kwenye kiungo, moshi unavuja. Mwite fundi.

Sasa tuseme juu ya visima. Usiteremshe kamwe pampu ya petroli ndani ya kisima. Sumu hujaa shimoni, haina pa kutokea. Anayeshuka huanguka, na mwenzake akishuka kumwokoa, naye huanguka. Pampu ya kuvuta iliyokaa juu hufikia maji yaliyo chini kama mita 7 tu. Maji yakiwa chini zaidi, tumia pampu ya umeme inayozama, na jenereta ibaki juu.

Dalili za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mtu hudhani ni malaria. Lakini ukiona wote waliomo chumbani wanaumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku moshi. Aliyelala au aliyelewa anaweza kufa bila kusikia dalili yoyote.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango yote, mtoe nje upesi, usikae humo. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Mwambie mganga wazi kwamba jenereta ilikuwa inawaka chumbani, ili ampe oksijeni. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Sumu hii imo kwenye damu, haimo tumboni.