Pumzi ya Mtu Mnene Wakati wa Upasuaji

Mgonjwa aliyetiwa dawa ya usingizi mara nyingi hupumulishwa na mashine. Je, mtu mnene apewe pumzi kubwa zaidi? La, hasha! Mwili hunenepa, lakini mapafu hayakui pamoja nao. Hayo hufuata kimo. Kwa hiyo daktari hukadiria uzito unaolingana na urefu. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, hata akiwa na kilo 130. Kila kilo hupewa mililita 6 hadi 8 za hewa. Angehesabiwa zile 130, mapafu yangetanuka kupita kiasi na kuumia. Tena, kabla ya usingizi huinuliwa kichwa na kifua, ili tumbo lisiyabane mapafu. Basi, wazazi, mkipimwa kimo hospitalini msidhani ni mchezo.